Kilo ya Mchanganyiko Inatuchosha Meno

Mtu akilalamika kwamba nyama ya siku hizi ni ngumu, muulize: ulinunua kipande gani? Mara nyingi hana jibu. Atasema alinunua nyama, basi. Alifika bucha, akasema "nipimie kilo", muuzaji akashusha panga kwenye paja, akaongeza kipande cha shingo, akatupia mfupa na donge la mafuta ili mizani ikae sawa, akafunga. Hiyo ndiyo kilo ya mchanganyiko. Mimi ni mpishi wa shughuli, Mzaramo wa Maneromango niliyehamia Kibaha, na pilau langu limeliwa kuanzia Kisarawe hadi Mlandizi. Nasema bila kumung'unya maneno kwamba kilo hiyo ndiyo inayotuharibia chakula, inatumalizia mkaa, na sasa inawafanya wapishi wengine watumbukize vidonge vya Panadol sufuriani.

Vidonge nitavifikia. Tuanze na ng'ombe mwenyewe.

Ugumu wa nyama ni wa namna mbili, na dawa zake hazifanani. Kuna ugumu wa nyuzi, yaani ule msuli mwekundu wenyewe. Kuna ugumu wa kano na tando nyeupe zinazofunga misuli pamoja na kuishikiza kwenye mifupa. Wataalamu wanaiita kolajeni. Nyuzi zikikaa motoni muda mrefu hujikamua maji yake na kukauka. Kolajeni hufanya kinyume: mwanzoni hujikunja na kukaza, lakini ikipata maji na moto wa kutulia kwa saa mbili au tatu, huyeyuka ikawa ule ute unaonatisha midomo unapokunywa supu nzuri ya asubuhi. Sasa chukua sarara, kipande kilichokaa mgongoni ambako ng'ombe hafanyi kazi yoyote ya maana, ukiweke sufuria moja na muundi uliombeba mnyama huyo maisha yake yote. Baada ya dakika ishirini sarara iko tayari na muundi ni mpira. Baada ya saa mbili na nusu muundi umelegea, na sarara imebaki nyuzi za katani zinazokwama kwenye meno. Hakuna dakika hata moja ambapo vyote viwili vimeiva sawasawa. Aliyepika hana kosa. Alipewa hesabu isiyo na jibu.

Na ng'ombe wetu hawa si wale wanaoonekana kwenye televisheni, waliofungiwa zizini wakilishwa nafaka mpaka nyama ikawa na michirizi ya mafuta. Nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na wengi wao ni zebu wenye nundu, wanaotembea kutwa kutafuta majani na maji. Wengi wanaoishia kwenye sahani za Pwani na Dar es Salaam hupitia mnada wa Pugu, pale chini ya vilima, mwendo mfupi tu kutoka Kisarawe mjini. Watani zangu Wanyamwezi na Wasukuma hutuletea mpaka dume lililovuta plau misimu kadhaa, wakamsifia kuwa ni kijana. Umri ni jambo kubwa hapa: kadiri mnyama anavyozeeka ndivyo kolajeni yake inavyofungana kwa vifundo vingi zaidi, na vifundo hivyo haviachi kwa kubembelezwa nusu saa. Halafu kuna safari. Mnyama aliyesimama kwenye lori kutoka Shinyanga, akateremshwa na kuchinjwa kabla ya kupumzika na kunywa maji, huwa amemaliza nguvu ya akiba iliyokuwa ndani ya misuli. Nyama yake hutoka nyeusi-nyeusi, kavu kwa kuishika, na huharibika upesi. Ukiiona, sogea bucha la pili.

Jambo la tatu halizungumzwi kabisa, nalo ni saa. Sisi tunaamini nyama nzuri ni nyama ya leo. Ng'ombe anachinjwa usiku, alfajiri ananing'inia bucha la Maili Moja, saa sita mchana yumo sufuriani. Saa hizo ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu msuli wa mnyama aliyekufa hukakamaa kwa saa nyingi kabla ya kuanza kulegea wenyewe. Waliowahi kuchinja Idd wanalijua jambo hili bila kulijua. Mishkaki inayobanikwa pale pale, mnyama angali na joto, huwa laini; ile ile nyama ikiwekwa mpaka jioni inagoma. Ukiwa na friji, iache nyama sehemu ya baridi, si kwenye friza, kwa siku mbili hata tatu, ndani ya chombo kilichofunikwa. Vimeng'enya vilivyomo ndani ya msuli vitaanza kazi ya kuufungua bila wewe kulipia chochote. Wengi wetu tunafanya kinyume: nyama imetoka bucha ingali vuguvugu, moja kwa moja friza. Nyama ambayo haijamaliza kukakamaa ikipigwa baridi kali hujikunja zaidi, na ukiitoa kuyeyusha inamwaga maji mekundu yote. Kisha tunamlaumu muuzaji.

Asiye na friji afanyeje? Hao ndio wengi wetu, hasa ukishaacha lami. Huyo ndiye ninayemwandikia zaidi, na kwake kifaa cha kwanza ni kisu kikali. Sitaki kusikia habari ya kifaa kingine kabla ya kisu. Mimina ile kilo yako kwenye sinia, ichambue. Vyenye kano, tando nyeupe na mifupa viende upande mmoja. Nyama tupu iende upande wa pili. Mafuta weka kando, yana kazi yake. Kundi la kwanza linaingia jikoni mapema, na chumvi yake (nani alitudanganya kwamba chumvi ya mapema inakaza nyama?), maji yafunike, moto uwe wa kutokota polepole. Kundi la pili utaliingiza dakika za mwisho, au ulikate vipande vyembamba ukaange peke yake. Na ukate kinyume cha nyuzi. Tazama nyama, utaona mistari inaelekea upande mmoja. Kisu kipite kuikatiza mistari hiyo, ili kisu kimalize kazi ambayo jino lingeachiwa. Nimeona watu wananunua steki ya bei mbaya, wanaikata kufuata nyuzi, halafu wanatafuta dawa.

Baada ya kisu, nyundo. Zile za meno meno zinauzwa Kariakoo na kwenye maduka makubwa, lakini mchi wa kinu unatosha, au mgongo wa panga dogo, au kitako cha chupa nene. Kugonga kunavunja nyuzi, basi, kano haisikii. Gonga nyama tupu iliyokatwa bapa, kwa mapigo mafupi, mpaka ipungue unene kidogo. Siku hizi kuna kidude chenye safu ya visu vyembamba kama sindano, unakigandamiza juu ya nyama kinatoboa nyuzi. Kinafanya kazi. Ila uchafu uliokuwa juu ya nyama nao kinaupeleka katikati, kwa hiyo nyama iliyotobolewa hivyo lazima iive mpaka ndani, hakuna kula nyekundu-nyekundu.

Na papai. Hapa naomba nafasi zaidi, maana nyumba nyingi za Kibaha na Kisarawe zina mpapai uani ambao kazi yake pekee ni kugombaniwa na ndege. Papai bichi, lile la kijani likichanjwa linalotoa utomvu mweupe, lina kimeng'enya kinachoitwa papaini, na kazi yake ni kukata protini. Papai likishaiva utomvu ule huisha, kwa hiyo lililoiva ni tunda tu, kula. Kwangu kilo moja ya nyama tupu inapata kijiko kimoja cha chakula cha papai bichi lililokwaruzwa pamoja na ganda lake, limechanganywa na tangawizi mbichi na kitunguu saumu. Tangawizi nayo ina kimeng'enya chake cha namna hiyo hiyo, haikuwekwa kwa harufu peke yake. Papaka kila kipande, acha nusu saa, isizidi saa moja, kisha motoni. Papaini haifanyi kazi kubwa wakati nyama imelala kwenye bakuli. Inachangamka nyama inapopata joto, kwenye nyuzijoto 60 hadi 70 hivi, kisha moto ukizidi inakufa. Ndiyo maana mishkaki iliyopakwa papai huonekana ya kawaida mbichi, ikalegea juu ya makaa. Ukizidisha, au ukiilaza usiku kucha, asubuhi unakuta nje imekuwa uji na ndani imebaki ilivyokuwa. Vaa mfuko mkononi kama ngozi yako inawashwa na utomvu. Nanasi bichi la Kiwangwa linafanya kazi hiyo hiyo, nalo lipewe dakika chache.

Kinachonikera ni kumkuta mtu ana mpapai dirishani, naye amebeba kikopo cha unga wa kulainishia nyama kutoka dukani. Asome maandishi ya nyuma. Unga wa aina hiyo kwa kawaida ni chumvi iliyochanganywa na kimeng'enya cha papai au cha nanasi. Enzi za mkoloni, Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza papaini ng'ambo: matunda mabichi yalichanjwa mtini, utomvu ukakingwa, ukakaushwa, ukapakiwa. Tulijua thamani yake wakati wa kuiuza.

Ndimu, siki, ukwaju na mtindi nitavipitia haraka. Ni vizuri kwa ladha, vinalainisha ngozi ya juu tu, na ndimu ikikaa muda mrefu inaifanya nyama kuwa ya chaki mdomoni. Mtindi ni mpole kuliko vyote, kwa mbuzi naupenda. Magadi yanalainisha kweli, hilo silipingi, ila yanahitaji mkono mwepesi mno. Chembe ikizidi unakula nyama yenye ladha ya sabuni, na rangi inageuka. Yabaki kwenye maharage na makande.

Sasa vidonge. Desturi ya kuvitumbukiza kwenye nyama imesikika Tanzania, Kenya na Uganda, na Nigeria mamlaka yao ya chakula na dawa, NAFDAC, imewaonya watu hadharani waache. Mtu mwenye sufuria kubwa ya mchanganyiko, mkaa unaisha na wateja wamekaa, anasaga parasetamoli, ndiyo hiyo Panadol, anamwagia. Parasetamoli ni dawa nzuri kwa kipimo chake, na kipimo chenyewe kwa mtu mzima mwenye afya hakivuki vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku. Ikizidi inashambulia ini. Anayekunywa supu ile hajui amekunywa vingapi, na huenda asubuhi alimeza viwili vyake kwa ajili ya kichwa. Tena dawa ile ikichemshwa kwa muda mrefu inaweza kuvunjika na kutoa kemikali yenye sumu kwa figo. Mtoto anakula, mjamzito anakula, mgonjwa wa ini anakula. Sina utani na jambo hili. Lakini kuwatukana mama lishe hakutoshi, maana mzizi wake ni ile kilo iliyochanganywa. Mwanamke anayeuza supu kandokando ya barabara ya Morogoro angepewa muundi mtupu kwa bei ya muundi, angejua ni wa saa tatu, angeupandisha saa nane usiku na asingehitaji muujiza saa moja asubuhi.

Na hizo saa tatu zinalipwa na mtu. Mkaa wetu mwingi unatoka misituni, na watu wa Kisarawe hatuhitaji kuhadithiwa: misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, mabaki ya misitu ya kale ya pwani, imeliwa na tanuri za mkaa kwa miongo mingi ikilisha majiko ya Dar es Salaam. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Wengi wamechukulia hiyo ni habari ya mitungi ya gesi. Kwangu mimi habari kubwa ni jiko la presha la umeme. Mfaransa Denis Papin alilionyesha wazo lake London mwaka 1679, chungu cha chuma chenye kifuniko kinachobana mvuke, na alichotaka kulainisha ni mifupa. Mvuke ukibanwa, maji huchemka kwenye nyuzijoto kama 120 badala ya 100, na muundi wa saa tatu unakubali ndani ya dakika arobaini na tano, hamsini. Umeme unatumika pale linapopanda joto, baada ya hapo linajishikilia lenyewe. Wanawake wa mtaani kwangu waliopata majiko haya wananiambia mita ya LUKU haikushtuka walivyoogopa. Lakini hata presha haiondoi kosa la mchanganyiko. Weka sarara na muundi ndani, funga, ukifungua utakuta ule ule ugomvi, ila umeamuliwa mapema.

Kwa shughuli za watu mia tatu hakuna presha ya kutosha, kwa hiyo naeleza ninavyofanya. Kamati ya chakula ikinikabidhi nyama, nachambua usiku. Shingo, mkono, kidari na muundi vinapanda kwanza kwenye sufuria lao, na maji yao yale ndiyo baadaye yatapika mchele. Nyama tupu inaoga tangawizi na papai kidogo, inakaangwa na viungo, inakutana na wenzake mwisho. Kamati nyingi hazipendi, zinaona nakawiza. Shangazi wa bwana harusi mmoja kule Masaki aliniambia, "Mwanangu, wewe umeitwa kupika, hukuitwa kupanga nyama mafungu." Alikula, akaongeza sahani, hakurudia maneno hayo.

Kibaha nayo ina mtihani wake, nao ni kuku. Mji huu na vitongoji vyake umejaa mabanda ya kuku wa mayai, na kuku wa mayai akistaafu kutaga anauzwa rahisi. Ni mnyama mzee, mwenye kolajeni ya kutosha, na wanunuzi humkaanga kwa hasira kisha wakasema wamedhulumiwa. Huyo hakaangwi. Huyo ni wa mchuzi wa nazi, moto mdogo, saa moja na nusu au mbili, au presha nusu saa. Supu yake inaishinda kwa mbali ya kuku wa kisasa wa wiki tano. Ni kuku yule yule aliyelalamikiwa. Aliyemnunua ndiye hakuambiwa amenunua nini.

Kwa hiyo ninachokidai ni kidogo. Bodi ya Nyama Tanzania imekuwa ikihimiza bucha ziachane na magogo na mashoka, zitumie misumeno, kwa sababu ya usafi. Naunga mkono. Naomba hatua ya pili: kila bucha la Kibaha na Kisarawe libandike ukutani majina ya vipande na bei yake. Shingo, kidari, mkono, mbavu, muundi, paja, sarara, mkia. Afisa mifugo anayepita kukagua muhuri aangalie na ubao. Hatuombi maajabu ya Ulaya. Soga, humu humu wilayani Kibaha, kuna kiwanda cha Tan Choice kinachochinja na kupeleka nyama nchi za Ghuba. Nyama ya namna hiyo hupozwa kabla haijasafiri, na mnunuzi wa huko anajua anacholipia. Mbuzi na ng'ombe ni wa nchi hii hii. Aliye mbali anauziwa kwa utaratibu, jirani anafungiwa mchanganyiko.

Wauza nyama wananipinga, na hoja yao ina uzito. Wanasema wakitenganisha, matajiri watachukua sarara na paja, wao watabaki na shingo na muundi vinanuka. Wengine wanasema maskini ndiye atakayeumia, kwa kuwa mchanganyiko unampa hata yeye kipande kizuri. Ningekubali kama kipande kizuri kingekuwemo. Amka alfajiri uone fileti zinavyotoka na wateja wa hoteli kabla bucha halijafunguliwa. Kinachobaki kinachanganywa, na maskini analipia shingo bei ya paja, kilo ikiwa imevuka shilingi 10,000. Muundi ukipewa bei yake, yenye unafuu, hautanuka. Utagombaniwa na kila mwenye sufuria la supu kuanzia Maili Moja hadi Picha ya Ndege, na mwenye jiko la presha atauchukua kabla yao.

Muuzaji niliyemzoea amekubali nusu. Ananing'iniza miundi na mikono upande wake, na akileta dume la zamani ananipigia: "Mzee wangu, leo usije na mishkaki, njoo na sufuria." Ubao wa bei bado hajabandika. Anasema nimtafutie kwanza mtu wa kununua shingo, na nimeanza kuwapitia mama wa supu mmoja mmoja.